Kipande cha Chini cha Kava

Nilimpiga mzee wa watu mpaka jino likamtoka, na sababu ilikuwa kava la filamu. Nalisema mapema nisije nikaonekana naremba. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti kule Nzuguni, mkono wangu mzito, na hasira zangu ziko puani. Wanaume wa kwetu wote ndivyo tulivyo.

Baba alikuwa mtu wa mkanda, kaka yangu mtu wa ngumi. Nilipokuwa darasa la sita baba alimchapa kaka, chuma cha mkanda kikamchana sikio, na kaka akaokota mchi wa kinu akamrudishia. Niliusikia mfupa wa mkono wa baba ukivunjika. Kaka aliondoka jioni ileile. Baba, mkono ungali kwenye plasta, alikusanya picha zote za kaka, ya kipaimara, ya shule, hata ile tuliyopiga familia nzima, akazimwagia mafuta ya taa uani. Mama aliingiza mkono motoni aokoe moja, baba akamkanyaga vidole. Hakuokoa kitu.

Kaka akawa mjini anabeba mizigo sokoni. Wakaja watu wa filamu kupiga picha kwenye mawe ya upande wa Msalato, wakamwona alivyojaa kifua, wakampa nafasi ya mhuni. Anaonekana dakika mbili tu, anapigwa teke, anaanguka, basi. Filamu ikatoka kwenye kanda, enzi zile za makasha makubwa ya plastiki. Kavani waigizaji wakubwa wamejaa juu, katikati damu inachuruzika, na chini kabisa kuna safu ya wahuni. Wa mwisho kulia ni kaka, mdomo wazi, panga juu. Miaka michache baadaye watu walimpigia kelele za mwizi barabarani, huko Dar, wakamuua kwa mawe na matairi. Tulipopata habari alikuwa ameshazikwa na watu tusiowajua. Kwa hiyo sura ya kaka ilibaki kwenye kava lile tu.

Na kava lile nilikuja kulikuta Nkuhungu, kwa fundi cherehani mmoja mstaafu. Huyo ndiye mzee niliyempiga. Maktaba za video zilipokufa yeye alizunguka mji mzima akinunua kanda na makava yake, na kila Jumamosi tulikaa barazani kwake watatu, yeye, mimi, na jamaa mmoja wa wizarani, tukibishana. Mzee alishikilia kwamba kava ni nguo ya filamu: likae sawa, lisiwe na kunyanzi, lifungiwe ndani ya kasha gumu vumbi lisilione. Mimi nilitaka kava libaki lilivyotoka, na muhuri wa maktaba, na alama ya mpira wa kufungia, na kupauka kwake. Maktaba zilikuwa zinayatundika makava dirishani huku kanda zikikaa kaunta, na jua la Dodoma hula nyekundu kwanza, ndiyo maana makava mengi ya zamani damu yake imegeuka bluu. Mzee alisema huo ni uchafu. Mimi nilimwambia huo ndio umri wake.

Yule wa wizarani alipenda matoleo mapya, yale ya boksi la nje na kijitabu ndani. Siku moja alikuja na filamu ileile ya kaka, imetolewa upya kwenye diski. Kavani jiwe moja, kivuli cha mtu, na anga. Wahuni wote wamefutwa. Akasema hili sasa lina heshima, lile la zamani ni kama tangazo la bucha. Nilimkamata ukosi nikamgongesha ukutani, vifungo viwili vikaruka. Mzee hakupandisha sauti. Alivishona vile vifungo palepale, mwenye shati akiwa amelivaa, kisha akaniamuru niombe radhi. Nikaomba, kwa sababu ni yeye aliyesema.

Baba alikuwa ameshafariki mama alipoanza kupoteza macho. Mama anaishi Bahi. Jicho moja limezima kabisa kwa presha ya macho, na la pili daktari alisema halina muda. Siku niliyompelekea dawa akaniambia anataka kumwona mwanawe kabla hajaingia gizani. Alisema kila akimkumbuka kaka anamwona na mchi mkononi, sura nyingine zote zimemtoka, na hataki kubaki na ile. Sijawahi kuombwa kitu na mama yangu tangu nizaliwe, jamani. Nikamwambia Jumapili namletea.

Usiniulize kwa nini sikupiga picha kwa simu. Mzee alikuwa amepiga marufuku simu mbele ya makava yake, tangu mtu mmoja alipoyapiga, akayachapisha steshenari na kuyauza kama ya zamani. Isitoshe mama alistahili kitu chenyewe. Nilimweleza mzee habari yote, mchi, moto na macho. Alifuta miwani, akasema njoo Jumamosi ulichukue, na usirudishe.

Jumamosi nikafika. Shikamoo, marahaba. Yule wa wizarani alikuwepo, ameketi kwenye mkeka. Mzee akaingia ndani akatoka na kasha jeusi jembamba, la diski, jipya kabisa, amelishika kwa mikono miwili kama mtu anayempokeza mwenzake mtoto mchanga. Ndani ya plastiki lilikuwa kava la kaka, limenyooka, linang'aa. Kasha la kanda lilikuwa kubwa, hili dogo. Nikatazama chini kulia. Safu ya wahuni haikuwepo. Ilibaki ncha ya panga tu imechomoza ukingoni, mwenyewe hayupo.

"Nimelipunguza vidole vitatu likae sawa," mzee akasema. "Zawadi ya mama isiende imechakaa. Sasa kile cha chini nime..."

Hakumaliza. Ngumi ya kwanza ilimpata mdomoni, kofia ikaruka. Ya pili sijui ilimpata wapi. Alirudi kinyumenyume akaanguka juu ya cherehani, kichwa kikagonga chuma cha gurudumu, nami nikamfuata pale chini nikamkaba kanzu nikampiga tena. Nilikuwa nalia na ninapiga. Nilimwambia umemuua, umemuua mara ya pili, na yeye ananitazama tu, damu inamjaa mdomoni, mkono mmoja ameuinua, hata si wa kujikinga. Yule wa wizarani alinikaba shingo kwa nyuma. Nilimpiga kisukusuku cha mbavu, hakuniachia. Jino la mzee lilikuwa sakafuni karibu na kanyagio.

Mke wake alitoka jikoni. Mimi nilitegemea mayowe, na nisingelaumu mtu, mtaa ungekuja na mimi ningekwenda kama kaka alivyokwenda. Hakupiga yowe. Alimkalisha mumewe, akamwekea khanga mdomoni, akaingia ndani, akarudi na kopo la biskuti wanamowekea vipande vya nguo. Fundi cherehani hatupi kipande, hata mimi nalijua hilo. Akatoa bahasha iliyobanwa kwa pini.

"Alikuwa anakwambia cha chini amekuwekea," alisema. "Kichukue, uondoke."

Ndani ya bahasha kulikuwa na ule ukanda wa vidole vitatu, wahuni wote wanne wazima, kaka mwishoni. Mzee alinipungia mkono niende, bila kunitazama. Nikaenda. Hawakwenda polisi, na laiti wangekwenda. Usiku mkono ulivimba ukawa kama andazi, vifundo vikawa vyeusi, na niliona aibu hata ya kuwasha taa nijitazame.

Jumapili nilipanda basi la Bahi. Mama alikuwa mlangoni, kwenye mwanga. Nilimpa ule ukanda, akauleta karibu na jicho mpaka ukagusa kope. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akacheka, akasema kwa Kigogo kwamba ni yeye, tazama alivyonenepa, tazama meno yake, ndiyo ya mama yangu. Akambusu. Nilijisikia mwepesi, nikasema moyoni basi, vyovyote iwavyo, hili limefika.

Halafu akauliza kaka ameshika nini.

Nilimweleza. Kaka mwenyewe aliniambia zamani, nilipomfuata kule sokoni, tena akicheka: siku ile ya picha alikuwa ameinua chupa ya soda, anamwita mwenzake waje wanywe. Mtengeneza kava ndiye aliyeitoa soda akaweka panga, ili kava liuze. Mdomo ule haungurumi, ni wa kicheko. "Si lake, mama," nikasema. "Wamembandikia."

Mama akapapasa akaushika mkono wangu, ule wa kulia, ambao nilikuwa nimeuficha chini ya shati. Akapitisha vidole vyake juu ya vifundo, kimoja kimoja. Vidole vyake mwenyewe vina makovu ya moto. Mama huongea nami Kigogo siku zote, Kiswahili ni cha wageni na cha zahanati. Siku ile alinisemesha Kiswahili.

"Na huu je? Nao nani amekubandikia?"

Nilimwambia ukweli wote, maana kwa mkono ule ningedanganya nini. Nilisema ni mzee, ni fundi, ndiye aliyeninyooshea zawadi yako. Mama aliuweka ule ukanda juu ya kigoda, akauliza basi la kurudi mjini linaondoka saa ngapi. Nikamwambia apumzike, nitakwenda mwenyewe kuomba radhi. Akasema hapana. Akasema jicho hili bado linaona kidogo, na kabla halijazima anataka kumwona mtu niliyempiga.

Tulifika Nkuhungu alasiri. Mke wa mzee alitufungulia, akaniona, akataka kufunga, akamwona mama, akaacha. Mzee alikuwa amelala kwenye jamvi, mdomo umemvimba upande mmoja, shavu jeusi. Mama hakusalimia kwanza. Alipiga magoti pale chini, akainama, akauleta uso wake karibu na uso wa mzee hadi pua zikakaribia kugusana, akamtazama, mdomo, shavu, jicho, taratibu, asiache kitu. Mimi nilisimama mlangoni, hakuna aliyeniambia niingie.