Processor kubwa ndani ya case ndogo, na swali la Bi Rukia kuhusu jikoni yake

Wakuu, niaje. Na dada zangu, mko wengi humu mnasoma kimya kimya mnaenda, sasa zenu?

Hii kitu ilinifanyikia mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi, na mahali hofu ilinishika nitasema tu hofu ilinishika.

Mimi huchora nyumba. Sio plan ya kupeleka kaunti, hapana. Ni ile picha inaonyesha vile nyumba itakaa ikishajengwa, jua likiingia kwa dirisha, kivuli kwa ngazi, yote. Ukimaliza kuchora, kompyuta inabaki ikipiga hesabu ya huo mwanga. Hiyo ndio render, na hapo ndipo processor, ule ubongo wa kompyuta, hulia.

Nilikuwa nimeajiriwa. Ofisi ikafungwa, zile mashine zikabaki na wenyewe. Nikarudi nyumbani Uthiru na laptop ambayo ukifungua kazi kubwa inazimia.

Halafu nikaitwa na kamati ya madrasa moja hapo town. Wako na jengo la zamani. Chini ni maduka na madarasa, juu wanaishi watu. Walitaka kujenga madarasa mengine upande wa nyuma, na kabla ya kukubaliana wanataka kuona.

Mwenyekiti wa kamati ni Maalim Athman, mtu wa Lamu, mpole sana. Anaongea Kiswahili mpaka sisi wa kutoka Kakamega tunaogopa kufungua mdomo.

"Mwanangu," akaniambia, "hawa wazee hawasomi ramani. Nataka uje na hicho chombo chako, ukae nao. Wakiuliza neno, uwaonyeshe papo hapo."

Papo hapo.

Ilimaanisha nibebe mashine, nipande nayo ngazi zao nyembamba, nibadilishe mchoro mbele ya watu na picha itoke wakingoja. Laptop haiwezi. Mashine kubwa sibebi, na hata nyumbani haina pa kukaa. Meza yangu iko katikati ya sofa na kitanda ya mtoto.

Kwa hivyo nikaamua kuunda kompyuta ndogo, ya kutoshea kwa bag.

Sasa wakuu, hapo ndio kuchagua kulinimaliza.

Kulikuwa na processor mbili. Moja ya core nane, yaani kama mikono nane ya kupiga hesabu, inakula stima kidogo, haina joto. Nyingine ya core kumi na sita, kasi ya ajabu, lakini inakula stima mingi na hiyo yote inageuka kuwa moto. Na moto lazima utoke mahali. Kazi ya kuutoa ni ya cooler, ule mzigo wa chuma na feni unakalia processor. Case yangu, ile sanduku ya kuweka kila kitu ndani, ilikuwa ndogo, inakubali cooler fupi peke yake.

Bwanangu Wycliffe ni fundi wa stima. Akaangalia picha za hizo vitu kwa simu yangu, akatikisa kichwa.

"Mama Neema, hiyo kubwa ni jiko. Unaweka jiko ndani ya sanduku?"

Nikamwambia hajui vile kungoja render huuma. Lakini ukweli nilikuwa najiona mbele ya wale wazee, picha haitoki, wanaangaliana, wanasema huyu mama ameshindwa. Hiyo hofu ndio ilinunua core kumi na sita. Sio akili.

Kwa duka nikauliza, "Na hii cooler fupi, itaingia?"

"Itaingia, madam."

Na kweli iliingia. Sikuuliza kama itapumua.

Jumapili tukitoka kanisa nikaiwasha nijaribu. Sisi tuko gorofa ya mwisho, mabati iko tu hapo juu ya ceiling, na siku hiyo jua lilikuwa kali. Neema alikuwa amelala kwa kitanda yake, hapo karibu na meza.

Nikaweka render. Joto ikapanda digrii sabini, themanini, tisini na tano, ikakwama hapo. Feni ikaanza kulia kama blenda ya mtu wa juice. Neema akaamka akipiga nduru.

Na kasi ikaanguka! Hii wengi hawajui. Processor ikiona inaiva, inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Kwa hivyo ile kasi nilinunua sikuiona hata.

Nikagusa kifuniko ya case, nikatoa mkono haraka. Halafu tap, screen nyeusi. Imejizima.

Wycliffe akachukua mtoto akatoka naye nje. Afadhali angenigombeza.

Mkutano ulikuwa Jumamosi iliyofuata. Wiki hiyo wakuu sikula vizuri. Niliona harufu ya kuungua kila mahali, hata nikipika chapati nakimbia kuangalia mashine, na imezimwa. Nikafungua case, nikaelekeza feni ya nyumba. Nikapaka upya ile dawa ya kupitisha joto, ile inapakwa kati ya processor na cooler. Afadhali kidogo, halafu kule kule. Duka wakasema kitu ikishatumika hairudi.

Nikapigia Njeri simu. Tulikuwa naye ile ofisi ilifungwa, na yeye ndio alikuwa anaangalia mashine zetu.

"Ingia BIOS," akasema. Hizo ni settings za ndani, zile unaingia kompyuta ikiwaka. "Ipunguzie stima. Ipee kama nusu."

"Njeri, ninunue ng'ombe halafu nimnyime nyasi?"

"Saa hii si unampea yote na anatapika?"

Akaniambia pia nitoe ile cooler nitafute nyingine, ndefu kidogo lakini bado inatosha, feni yake ikae karibu kabisa na matundu ya kifuniko. Hivyo inavuta hewa ya nje moja kwa moja, hairudii ile imeshachemka ndani.

Nikafanya yote. Nikaweka ile render ya Jumapili.

Joto ikapanda, ikafika sabini na kitu, ikakaa. Feni inanguruma chini chini tu. Na picha ikatoka mpaka mwisho, tena kwa mwendo wa haraka kuliko ile siku ya moto! Sikuamini, nikarudia. Ikatoka tena.

Wycliffe akaja, akaweka kiganja juu ya case, akakiacha hapo kidogo.

"Sasa hii imekuwa kompyuta," akasema.

Mnadhani nilitulia? Wapi.

Jumamosi nikafika. Chumba kimejaa, madirisha yamefungwa sababu ya kelele ya barabara, joto ndani si kidogo. Nikawaza, nyumbani ilikubali, hapa je? Nilikuwa nimeweka namba ya joto kwa kona ya screen, na macho yangu yalikuwa hapo kuliko kwa watu.

Nikawachezea video ya jengo jipya, ile nilikuwa nimetayarisha nyumbani. Wazee wakafurahi, wengine wakasema mashallah. Nikaanza kupumua.

Kisha mama mmoja akasimama huko nyuma. Bi Rukia, anauza vitambaa hapo chini na anaishi juu, upande wa nyuma wa jengo.

"Mwanangu, mie nina suala. Dirisha la jikoni kwangu latazama huko. Hilo jengo likisimama, jua langu la alasiri litakwenda wapi?"

Maalim akanigeukia.

Mimi jikoni yake sikuwa nimechora. Kwangu ilikuwa tu dirisha nyeusi kwa ukuta. Nikamuomba anieleze ndani kuko vipi, meko iko wapi, sinki iko wapi. Nikaweka maboksi ya haraka haraka, nikaweka jua la alasiri, nikabonyeza render.

Feni ikapanda. Sabini. Sabini na tano. Themanini. Jasho inanitoka mgongoni, naomba tu Mungu isizime mbele ya hawa watu. Themanini na mbili, ikakaa hapo. Picha ikaanza kutoka, kwanza kama mchanga, halafu ikajisafisha polepole.

Jikoni ilikuwa giza. Giza kabisa, na ni mchana.

Na hapo hofu nyingine ikaingia, hii hata haikuwa ya mashine. Hawa ndio wameniita, na picha yangu inapinga jengo lao.

Mzee mmoja wa mbele akasema, "Ongeza mwangaza kidogo, binti."

Ni kitu rahisi. Unaweka taa mahali haionekani, jikoni inang'aa, mkutano unaisha, kila mtu anaenda kuswali. Mkono ulikuwa tayari kwa mouse.

Nikamwambia, "Naweza, mzee. Lakini hiyo itakuwa taa yangu, sio jua lake."

Nikatoa mkono kwa mouse. Nilitamani sakafu inimeze.

Mwishowe Maalim akasema, "Basi hebu liondoe lile darasa la juu, tuone."

Nikaliondoa, nikarudia. Safari hii sikuangalia namba ya joto. Picha ikajisafisha, na mstari wa jua ukaonekana sakafuni, ukapita sinki, ukafika kwa meko.

Bi Rukia akaja mbele, akavaa miwani, akaweka kidole kwa screen.

"Hapa hasa," akasema. "Hapa ndipo nikaapo nikichagua mchele."

Plan ilirudishwa ikachorwa upya, darasa moja limetolewa. Yule mzee wa mbele bado hanifurahii, tukikutana anaangalia kando. Maalim ameshaniita kwa mchoro mpya. Bi Rukia alinipea kanga, nikakataa, akaniingizia kwa bag na nguvu.

Nilichojifunza ni kwamba nilianza nyuma mbele. Kama unaunda mashine ndogo ya render, pima kwanza case inaachia cooler nafasi gani. Halafu utafute cooler ya kutosha hapo. Processor ije mwisho, ile hiyo cooler inaweza kupoza. Na usione haya kuipunguzia stima. Kama ningenunua core nane pengine wala singekuwa na huu uzi, lakini pia sijui kama ile picha ya jikoni ingetoka wakingoja. Hapo nawaachia, wakuu.

Wenye case ndogo, nyinyi mnatumia cooler gani, na kwenu joto inafika wapi mchana? Na kuna mtu humu amewahi kuonyesha client picha hakutaka kuona? Atuambie tu vile ilienda.