Jumatano za Mama Kwanini

Mtaa mzima ulimwita Mama Kwanini, na jina hilo alikuwa amelitafuta mwenyewe. Ukimpelekea gauni alipanue kiunoni, atataka kujua umeanza kunenepa lini na unadhani ni kwa sababu gani. Wateja walimvumilia kwa kuwa mshono wake haukufumuka, na kwa kuwa akishauliza alisikiliza jibu mpaka mwisho.

Kaka yake mkubwa alikuwa fundi wa kuezeka mapaa. Siku moja aliteleza juu ya paa la ghala akaanguka na kuangukia kichwa. Mifupa iliunga, ila ubongo ulikuwa umeumia. Mtu aliyekuwa mpole kama maji ya mtungini akawa anawaka kwa kelele ya kijiko. Angeweza kukaa kitandani ameshika kiatu, hajui kinachofuata, mpaka mtu amwambie, "Sasa vaa." Aliyemwambia, asubuhi mpaka jioni kwa miaka miwili, ni mkewe.

Ikatokea dada wa huyo mke kujifungua mapacha, akahitaji mtu wa kumsaidia kwa siku nne. Mama Kwanini akamwambia, "Nenda, wifi. Kaka yangu nitakaa naye mimi." Akafunga duka lake la ushonaji akahamia kwao.

Siku ya pili alijikuta amejifungia chooni bila haja yoyote. Alitaka dakika tatu tu za kutoitwa. Alikaa pale juu ya ndoo iliyofunikwa akijistaajabia: siku mbili zimenifanya hivi, je, huyu wa miaka miwili?

Wifi aliporudi, mabega yake yalikuwa yameshuka. Mezani akasimulia jinsi alivyomwogesha pacha mmoja mara mbili na mwingine akabaki na uchafu wake. Kaka akacheka. Mama Kwanini aliacha kula akawatazama. Ikiwa siku nne zimerudisha kicheko ndani ya nyumba, mchana mmoja kila wiki ungefanya nini?

Swali hilo alikwenda nalo hospitali, kwenye benchi la kliniki ya mazoezi ya viungo alikozoea kumsindikiza kaka. Zamani alikuwa akiwatazama wagonjwa. Safari hii aliwatazama waliowaleta.

"Mara ya mwisho umetoka peke yako lini?" alimuuliza mama mmoja aliyekuja na mumewe, seremala aliyegongwa na pikipiki.

Yule mama alifikiri, akatazama dari. "Peke yangu, namna gani?"

Mama Kwanini hakuuliza tena. Alikwenda moja kwa moja kwa mtaalamu wa mazoezi, mwanaume mwembamba asiye na haraka, akamwambia anataka kuwapokea wagonjwa kila Jumatano mchana ili ndugu zao wapumzike.

"Mama, hawa si vitambaa," alisema yule mtaalamu. "Hapa ukikosea, hufumui."

"Ndiyo maana nimekuja kwako kabla sijashika mkasi."

Mtaalamu alimfundisha Jumamosi tano: namna ya kumwinua mtu bila kumvuta mkono, la kufanya mtu akianguka kifafa, wakati wa kuita gari la hospitali. Akamkataza kabisa kufanya kazi hiyo peke yake. Basi akamwomba jirani yake, mpishi mstaafu wa shule, mama mwenye mikono ya kubeba masufuria, naye akakubali kwa sharti kwamba jikoni asiulizwe maswali.

Wakatandika mikeka chumba cha nyuma ya duka, wakazima taa kali na kuzifunika mashine. Kila familia ilijaza ukurasa kwenye daftari: anapenda aitwe nani, kelele gani inamuudhi, huchoka saa ngapi. Mke wa seremala aliandika: "Hamalizi chakula. Siku hizi hapendi mapishi yangu."

Jumatano ya kwanza walikuja watatu: kaka, seremala, na karani mmoja wa posta aliyepoteza kumbukumbu baada ya ajali. Kila baada ya dakika chache karani aliuliza, "Basi linaondoka saa ngapi?" Mama Kwanini akajaribu majibu. Alipomwambia saa kumi, alitulia kidogo tu. Alipomwambia limeshaondoka, machozi yalimlengalenga, na Mama Kwanini akajuta. Mwishowe akamuuliza, "Kwani unakwenda wapi?" Karani akaanza kueleza njia ya kwa mama yake, daraja, kisima, mbwa wa jirani, nusu saa nzima, na basi likasahaulika.

Wakati wa chakula seremala alikula upande wa kulia wa sahani, akaweka kijiko chini. Nusu ya kushoto haikuguswa. Mpishi akanuna. Mama Kwanini aliinama akaichungulia ile sahani, chakula kimekatika katikati kana kwamba kimepimwa kwa rula. Akaizungusha. Seremala akachukua kijiko akamaliza.

Mtaalamu alipoelezwa hakushangaa. Macho ni mazima, alisema, ila ubongo umeusahau upande wa kushoto. Mke wa seremala alipoambiwa alikaa chini taratibu.

"Mwaka mzima nabadilisha mapishi," alisema. "Kumbe chakula alikuwa hakioni."

Mama huyo ndiye aliyepata shida kupumzika. Siku ile ya kwanza aliondoka, na baada ya dakika kumi akaonekana amesimama dirishani.

"Sijui niende wapi," alisema.

"Hata mimi sijui. Nenda popote, halafu uje uniambie."

Wiki iliyofuata alikuja na habari: alikuwa ameketi kwenye ngazi za soko akala embe zima bila kumkatia mtu.

Si kila kitu kilikwenda sawa. Jumatano ya nne mfuniko wa sufuria ulianguka, kaka akapiga kelele na kupindua meza, na karani akatetemeka mpaka jioni. Binti wa karani hakumleta baba yake wiki mbili. Mpishi akatafuta mifuniko ya mbao. Wiki ya tatu binti akarudi naye. "Nyumbani tunamjibu tu," alisema. "Anataka kuulizwa."

Sasa familia ni saba, na mtaalamu huwaelekeza wengine huko. Kaka hajapona, wala hakuna aliyeahidi hivyo. Ila mkewe ameacha kuongea kwa sauti ya mtu aliyekimbia. Kila Jumatano huvaa viatu vyake vizuri, huondoka saa saba, na hurudi saa kumi na moja na vumbi kwenye pindo la gauni.

"Wifi, huwa unakwenda wapi?" Mama Kwanini alimuuliza juzi, akilikung'uta lile pindo.

"Hilo niachie," alisema wifi, akaenda kumchukua mumewe.

Mama Kwanini alibaki ameshika brashi, akilitazama lile vumbi. Lilikuwa jekundu, na barabara zote za karibu zina lami.