Sanduku la Kufuli Tatu

Jina lake halisi lilijulikana na watu wa mishahara tu. Kuanzia muuza mkaa hadi mwalimu mkuu, wote walimwita Bi Ustawi, kwa kuwa alikuwa ofisa wa ustawi wa watoto, peke yake kwa kata nzima, na meza yake ilisimama kwa msaada wa gazeti lililokunjwa chini ya mguu mmoja. Watu wazima walimwogopa. Watoto walimdandia.

Alichojivunia kuliko vyote ni sanduku la malalamiko la shule. Zamani lilikuwa na kufuli moja, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa mwalimu mkuu wa wakati ule, mtu asiye na haya, ambaye asubuhi moja alisoma barua ya mtoto mstarini huku akicheka. Kabla ya adhuhuri baba aliyelalamikiwa alishapata habari. Mtoto yule hakuonekana shuleni wiki mbili, na aliporudi alikuwa akichechemea.

Bi Ustawi aliapa haitatokea tena. Alihangaika miaka minne, kikao baada ya kikao, akiitwa mkorofi na mke asiyekaa nyumbani, hadi kanuni ikapita: kila sanduku liwe na kufuli tatu. Ufunguo mmoja akae nao yeye, wa pili mwalimu mkuu, wa tatu mwenyekiti wa mtaa. Lifunguliwe Ijumaa ya mwisho ya mwezi, wote watatu wakiwepo. Akasimama mstarini na kipaza sauti: "Andikeni, wanangu. Siri yenu haichezewi tena na mtu mmoja."

Sasa, Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, mwenyekiti hakuwepo. Alikuwa kwenye semina ya haki za mtoto, siku kumi, katika hoteli ya mji mwingine, na ufunguo alikwenda nao. Wanaozijua semina hizo wanajua chai yake.

Mwalimu mkuu mpya, mtu mwema, alilitikisa sanduku. Karatasi ikachakarisha ndani.

"Dada, kuna kitu humu. Fundi wa madawati yupo pale. Kufuli hii dakika mbili tu."

Bi Ustawi alisita. Akivunja yeye leo, kesho atamzuia nani? "Hapana, mwalimu. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," akajibu mwenzake kwa utani, wakacheka wote wawili. Kicheko hicho kinamchoma mpaka leo.

Mwenyekiti alirudi siku ya kumi na mbili, kanenepa kidogo, na begi jipya lenye picha ya mtoto anayetabasamu. Wakafungua. Ndani mlikuwa na maganda mawili ya pipi, na barua moja iliyokunjwa mpaka ikawa kama kidole gumba. Mwandiko ulikuwa wa mviringo, umeandikwa kwa kukandamiza kalamu.

"Shikamoo Bi Ustawi. Mimi ni yule wa darasa la tano niliyekuuliza kama ufunguo wako hauwezi kupotea. Mjomba amesema Jumapili ananipeleka mbali kwa watu nikawafanyie kazi, shule basi. Mama analia tu. Usimwambie mjomba kuwa nimesema. Njoo kabla ya Jumapili."

Tarehe ilikuwa ya Alhamisi, siku moja kabla ya Ijumaa ile waliyocheka.

Alikwenda mbio hadi kwa mama wa mtoto, akamkuta anafua. Kwenye kamba sare ya shule ilikuwa inakauka, safi, haina wa kuivaa.

"Yuko wapi, dada yangu?"

"Hata mimi sijui. Kaka alisema ni kwa watu wazuri."

Polisi waliandika. Mjomba alitoa anwani, na kwenye anwani ile hapakuwa na nyumba. Mwenyekiti alisema kanuni ilifuatwa vizuri, hakuna wa kulaumiwa. Alisema kweli, na kwa ukweli huo Bi Ustawi alitamani kumpiga na lile begi.

Jumatatu alishika tena kipaza sauti mstarini. Hakuwa amesema neno, mtoto wa darasa la tatu akanyoosha mkono.

"Shikamoo. Tukiandika leo, mtasoma lini?"

Walimu waliinamisha vichwa. Bi Ustawi aliweka kipaza sauti chini. Akamwita fundi wa madawati, na mbele ya shule nzima kufuli mbili zikakatwa. Ikabaki yake.

"Leo," akasema. "Na kesho. Kila siku saa nne."

Kwa hilo alipewa barua ya onyo, kwa kuvunja kanuni aliyoitunga mwenyewe. Aliisaini bila ubishi. Hajakosa saa nne hata siku moja, mvua inyeshe au homa impate. Na kila akifungua, kabla hajasoma neno lolote, hutazama kwanza mwandiko.