Boriti ya Mzee Massoudi

Mzee Massoudi, seremala wa mtaa wa Buyenzi, alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa mbao. Kwa mbao alikuwa na majivuno, wala hakuyaficha. Kila alipomaliza paa alishuka ngazi, akapangusa mikono, akamwambia mwenye nyumba maneno yaleyale: siku mdudu akiingia katika mbao yangu, usiniite fundi tena. Watu walicheka, lakini kwa miaka thelathini hakuna aliyepata sababu ya kumnyima jina hilo.

Sababu ilitokea mtaa wa Mutanga Nord, katika mvua za Aprili mwaka 2002. Kudra, mjane wa Moubarak aliyekuwa akiuza vipuri vya magari, alituma salamu kwamba unga wa mbao unadondoka kitandani kwake kila siku kutoka kwenye ufa wa plafon, ile dari ya mbao. Jirani yake Consolate alishakata shauri kwamba ni mchwa, na paa zima limwagiwe mafuta machafu ya gari. Massoudi alikwenda na moyo mzito, maana paa lile alilijenga yeye.

Hakupanda haraka. Aliuchota ule unga kiganjani, akaupuliza, akaona ndani yake vijiguu na mabawa ya wadudu. Ukutani hapakuwa na hata mstari mmoja wa udongo. Mchwa hula mbao na hutembea na udongo wao. Hawa walitafuna na kutupa nje, kama mpangaji anayefagia chumba kipya. Akabandua ubao wa plafon, akaigonga boriti ya kati kwa mpini wa nyundo, akatega sikio. Ndani kulisikika mchakacho. Akamwambia Kudra kwamba ni sungusungu, wale sisimizi weusi wakubwa. Hawali mbao, wanatafuta iliyolowa wachimbe makao. Basi kwanza yatafutwe maji.

Kuyatafuta hakukumsumbua. Juu ya boriti, bati lilikuwa na tundu la risasi, lililobaki tangu wiki za mapigano katika mtaa wa Kinama mwaka uliotangulia. Massoudi alifurahi, ingawa ni aibu kusema. Kosa lilikuwa la vita, na vita havishtakiwi.

Kisha akachokonoa, akakuta shimo la mraba, safi, la patasi. Mkono uliolichimba aliujua. Siku ya kuezeka, Moubarak alimletea Ayatul-Kursiy, aya ya Kurani ya kukinga nyumba, iliyoandikwa kwenye karatasi, naye Massoudi, kama ilivyokuwa desturi, akaichimbia kijumba ndani ya boriti, akaziba kwa kipande cha mbao. Ila alikichimba upande wa juu, ili kisionekane. Maji ya tundu yalituama humo. Shimo la ubavuni lisingeshika hata tone. Karatasi yenyewe ilikuwa imebaki makapi.

Angeweza kunyamaza. Risasi ilitosha kueleza yote, na Kudra, aliyeshika ngazi chini, hakuona kitu. Alishuka polepole.

“Mama Hayat,” alimwita kwa jina la bintiye, “risasi ilileta maji, lakini nyumba ya hawa wadudu ni mi niliwachimbia. Pale nilipoweka Ayatul-Kursiy. Nilichimba juu, na ilifaa ubavuni.”

“Na karatasi?”

“Apana, haiko tena. Wameimaliza, pengine zamani.”

Kudra aliiachia ngazi, akaitazama boriti. Chini ya boriti ile ndiko alikowalaza watoto siku za risasi, akiamini karatasi inawalinda. Massoudi alimwonea huruma, na mwenyewe akaona haya. Alisema kipande kilichooza atakikata, malkia wao atamwagiwa maji ya moto, na mbao mpya itawekwa. Baada ya hapo, jina la fundi analirudisha, kama alivyoahidi. Amwite Massoudi tu.

Kudra alitazama dirishani mawingu yaliyokuwa yakishuka kutoka milimani.

“Maneno ya Mungu hayaliwi na sungusungu,” alisema. “Panda, fundi, ufunike ile bati. Mvua inakuja.”