Moto wa Msitu wa Ukoo

Katika msitu wa ukoo wetu, upande wa Ulyankulu, kiberiti hakiingii. Moto wa kupikia uji wa matambiko hupekechwa kwa vijiti, na anayepekecha hasemi neno mpaka uwake. Akisema, unafukiwa mchanga na kuanzwa upya.

Kunyamaza ndicho kipaji changu pekee. Darasani mwalimu hunisahau hata nikikaa dawati la mbele. Kwa hiyo likizo hii nilijua bibi atanichagua mimi. Lakini vijiti akampa binamu yangu wa Dar, ambaye hanyamazi hata akila.

Moshi ulipoanza tu, akapiga kelele, "Bibi, cheki! Unatoka!"

Bibi akaufukia kwa mguu. Nikafuta viganja kwenye kanga, nikasogea.

"Anza tena, mjukuu wangu," bibi akamwambia yeye. Kisha akanigeukia. "Wewe shika nyasi kavu. Kunyamaza unajua tayari."

Shangazi zangu wakacheka. Nikashika nyasi. Safari hii binamu aliuma midomo mpaka machozi yakamlenga, na kaa dogo jekundu likadondoka kwenye nyasi nilizoshika mimi. Nilitamani kulipuliza vibaya lizime. Nikalipuliza vizuri, kwa sababu bibi alikuwa ananitazama.

"Umewaka!" Binamu akanikumbatia. "Tumeuwasha, dada! Sema basi!"

Moto ulishawaka, na kusema kuliruhusiwa. Sikumjibu.