Gari Dogo Lenye Rimu za Dhahabu

Iko siku moja ambayo hainitoki, mwanangu, ingawa nyingine nyingi za ujana wangu zimekwenda na siwezi tena kuzikumbuka. Nilikuwa natoka kuchota maji, ndoo kichwani, nimeongozana na mama mkwe aliyekuwa ameshuka muda ule kwenye basi la Geita. Alikuja kumwona mjukuu wake. Nikausukuma mlango wa chumba chetu pale Nyahanga, Kahama, na mlango ukagoma. Palikuwa na kitambaa kimesokomezwa chini yake kwa ndani.

Kitambaa chenyewe hakikunishtua. Nilikizoea. Kilichonishtua kilifuata baada ya mlango kufunguka, na hakijaacha kunishtua hadi leo, nikiwa nimeshakuwa bibi wa watu. Lakini nianze kwa kukueleza kwa nini mtu mwenye akili zake alijifungia hivyo mchana wa joto, maana nisipokueleza utamwona mume wangu mwendawazimu, na hakuwa mwendawazimu.

Jina lake Shija. Kazi yake ilikuwa kuchoma dhahabu kwenye mialo, kule wachimbaji wanakosaga mawe na kuosha mchanga wake. Mchanga ule huchanganywa na zebaki. Zebaki inaikumbatia dhahabu, vinakuwa donge moja la kijivu, laini kama ugali. Donge linawekwa motoni, zebaki inageuka mvuke na kwenda na hewa, dhahabu inabaki. Ndivyo walivyofanya kwa miaka mingi, na wengine wanafanya hata sasa. Shija alisifiwa kwa kazi hiyo. Lakini mapenzi yake hayakuwa huko. Mapenzi yake yalikuwa magari madogo.

Usidhani nasema magari ya watoto kuchezea. Kwenye marobota ya mitumba wauzaji wa sokoni walikuwa wakikuta maboksi yenye picha za magari ya mashindano ya zamani, yale membamba yaliyo wazi juu, dereva kichwa nje, magurudumu yamejitenga na bodi kama miguu ya panzi. Hawakujua wayafanyie nini. Ukilifungua boksi unakuta vipande vya plastiki vimeshikamana kwenye vijiti, uvikate kimoja kimoja, uvipige msasa, uvigundishe, uvipake rangi. Maelezo yalikuwa kwa maandishi ya nchi za mbali ambayo hatukuweza kuyasoma, tukafuata michoro. Mimi nilianza kwa kumtazama, na kabla sijajua, mikono yangu nayo ilikuwa mezani. Mikanda ya dereva niliikata kwenye utepe wa kufungia zawadi. Nyaya za injini tulizitengeneza kwa uzi mweusi wa cherehani. Usukani ulikuwa mdogo kuliko kifungo cha shati, na Shija aliushika kwa kibanio huku amezuia pumzi, kama mtu anayemtoa mwiba mtoto aliyelala.

Jirani yetu Mama Zuhura alikuwa akipita dirishani anatutania. "Hilo gari mtalipandaje? Au mnasubiri mpungue?" Shija anamjibu kwamba likikamilika atampeleka Shinyanga kwa shangazi yake, ajiandae tu kukunja miguu.

Tulikuwa na furaha, mwanangu. Naomba ulijue hilo. Chumba kilikuwa kimoja, tumekigawa kwa pazia: upande huu meza ya magari, upande ule kitanda, na kitandani alilala mtoto wetu wa kwanza, Kabula, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kugeuka.

Sasa vumbi. Unalijua vumbi la Kahama wakati wa kiangazi, jekundu, linaingia hata ndani ya sahani iliyofunikwa. Ukipaka gari rangi ya kung'aa na chembe moja ya vumbi ikatua kabla haijakauka, imeganda hapo. Inaonekana kama kipele usoni mwa bibi harusi. Kwa hiyo siku za rangi tulifunga dirisha, tukashusha pazia, tukasokomeza kitambaa chini ya mlango. Ilikuwa desturi yetu kama vile wengine wanavyovua viatu wakiingia ndani.

Gari la siku ile lilikuwa jeusi, lenye mistari ya dhahabu na rimu za dhahabu, kama picha ya kwenye boksi ilivyoonyesha. Shija alilihangaikia kupita yote. Mistari aliikubali. Rimu zikamshinda. Alijaribu rangi ya kopo, akaikwangua. Akajaribu rangi yangu ya kucha, akaikwangua. Akaniambia rangi zote hizo ni matope. Mtu anayeiona dhahabu yenyewe asubuhi na jioni, ikitoka motoni mbele ya macho yake, utampa rangi gani aiite dhahabu? Akaacha kula vizuri. Akasuka rimu mpya kwa waya wa shaba aliouvua kwenye kipande cha nyaya za umeme, akazisugua mpaka zikawaka, kisha akazitazama tu siku nzima bila kuzipaka kitu. Nilidhani ameridhika na shaba.

Kumbe alikuwa anawaza kazi yake. Alikuwa anawaza kwamba ukiisugulia shaba lile donge la zebaki na dhahabu, ukaiweka motoni, zebaki itaondoka na dhahabu itabaki imeng'ang'ania shaba milele. Na alikuwa sahihi. Hilo ndilo linalonitisha zaidi nikilikumbuka, kwamba alikuwa sahihi.

Turudi mlangoni. Niligonga, nikasikia kitambaa kikivutwa, mlango ukafunguka. Joto lilitupiga kama la jiko la mwoka mikate. Shija alisimama jasho linamchuruzika, anatabasamu mpaka machoni, na nyuma yake mezani gari jeusi lilikuwa na rangi mbichi. Mkononi ameshika kibanio, na kwenye ncha ya kibanio kuna rimu. Mwanangu, nimeona dhahabu nyingi maishani, lakini sijaona kitu kizuri kama kile. Vijiti vyake vyembamba kama nywele vilikuwa vinawaka. Kwa kitambo nilisahau ndoo iliyokuwa kichwani.

"Shikamoo mama," Shija akasema.

Mama mkwe hakuitika. Katika maisha yangu yote sijawahi kumsikia mzazi wa Kisukuma akiiacha shikamoo ya mwanawe bila marahaba, hata kama wamegombana. Ile shikamoo ilibaki palepale inaning'inia. Alikuwa anatazama sakafuni, kwenye jiko la mkaa lililokuwa katikati ya chumba, na juu yake kijiko kikubwa cha chuma chenye masalia ya kijivu. Kisha akatazama dirisha lililofungwa. Kisha pazia. Akalisukuma, akamchukua Kabula akiwa usingizini, akapita katikati yetu naye bila kutugusa, akatoka uani.

"Mayu," aliniita akiwa nje, yaani mama kwa Kisukuma, kwa sauti ya kawaida kabisa, "toka humo."

Nilitoka. Shija alibaki na rimu yake, akicheka kidogo, akisema mama amechoka na safari. Hakukuwa na moshi, unaelewa? Hakukuwa na harufu yoyote ila ya mkaa. Chumba kilikuwa kilekile. Mtoto alikuwa amelala vizuri. Nami nilimshangaa mama mkwe, nikaona ni mambo ya wazee.

Jioni Kabula akaanza kukohoa. Kikohozi kikavu, kidogo, kama cha paka. Shija naye akalalamika mdomo wake una ladha ya shilingi. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, hajaingia ndani tangu alipotoka, na hapo ndipo aliposema kitu ambacho hakuwahi kumwambia mwanawe. Sisi sote tulijua baba yake Shija alikufa kwa kifua. Hatukujua kifua kilitoka wapi. "Baba yako alichomea nje," alimwambia, "mbingu nzima ikiwa juu yake, na bado zebaki ilimmaliza. Wewe umeichomea kitandani kwa mtoto."



Kulipokucha mbavu za Kabula zilikuwa zinaingia ndani kila anapovuta pumzi. Mwili unawaka. Tulimbeba kwa bodaboda hadi hospitali, mimi na mtoto mbele, Shija na mama yake nyuma yetu kwa nyingine. Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, akaweka kifaa chake kifuani kwa mtoto, akasikiliza kwa muda mrefu, akauliza kama kuna kitu chochote mtoto amekivuta: moshi, dawa ya mbu, mafuta ya taa.

Nilimtazama mume wangu. Na mume wangu akasema, "Hapana, daktari. Ni mafua tu, na hili vumbi."

Mwanangu, nimekuahidi kukueleza kilichonishtua. Nilidhani ni jiko. Nilidhani ni mbavu za mwanangu. Hapana. Ni yale maneno. Mtu aliyenitunza, aliyekuwa akiamka mara kwa mara kusikiliza kama mtoto anapumua, amesimama mbele ya yule anayeweza kumwokoa mtoto huyo, na anamdanganya. Baadaye aliniambia aliogopa kukamatwa kwa ajili ya zebaki. Baadaye zaidi, miaka mingi, akaniambia hakuogopa hilo. Aliona aibu.

Mama mkwe ndiye aliyesema. Hakupandisha sauti, na hakumtazama daktari. Alimtazama mwanawe.

"Shija. Yule dereva wako wa plastiki umemwachia gari wazi juu, kichwa chake kiko nje anapata upepo. Huyu mwenye pua umemfungia dirisha. Sasa unataka kumfungia na masikio ya daktari?"

Shija akasema. Alisema yote, zebaki, jiko, kijiko, akitazama viatu vyake. Daktari hakumgombeza. Aliuliza tu kama dirisha lilikuwa wazi.

"Lilikuwa limefungwa."

"Kwa nini?"

"Rangi ilikuwa haijakauka."

Daktari alimtazama kama anayesubiri asikie sababu yenyewe. Alipoona hakuna nyingine, akageuka, akaanza kuwaita wauguzi kwa haraka, na nikajua kutokana na haraka ile kwamba tulikuwa tumeshapoteza muda.

Kabula aliishi. Nasema mapema ili usiumie. Aliwekewa hewa ya mtungi, akakaa wodini mpaka nikazijua nyufa zote za dari, na daktari alituambia bayana kwamba kama tungeendelea kusema mafua angetibiwa mafua. Leo ni mama mwenye nyumba yake Kalangalala, huko Geita. Akipanda ngazi anasimama katikati, anashika ukuta, anajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Mimi najua anatafuta pumzi.

Shija alipotoka hospitali alizichukua zile rimu akazitumbukiza chooni. Habari ilizunguka mtaa mzima, maana katika nchi yetu hii mtu hatupi dhahabu. Mama Zuhura alisema sasa kazi ipo, itabidi tulichimbe shimo la choo kama duara la machimboni, nani anatangulia kushuka. Watu walicheka. Shija naye alicheka, na alipoinyoosha mikono kupokea kikombe cha chai, kikombe kikamwagika. Sikulitilia maanani. Kesho yake kikamwagika tena. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, na haikuacha. Kumbe zile siku zote za mwaloni, bila kuziba pua wala mdomo, zilikuwa zinajiweka akiba ndani yake, na chumba kile kilichofungwa kikazitoa zote. Yule aliyeweza kuushika usukani mdogo kuliko kifungo hakuweza tena kujifunga kifungo chenyewe. Nilimfunga mimi, kila asubuhi, hadi siku nilipomvalisha sanda.

Hakuwa mtu mbaya. Ningekuwa natoa hadithi ya mtu mbaya, ingekuwa rahisi, ungeisikiliza ukasema wewe huko hutafika. Alikuwa mtu mwema aliyependa kitu kidogo kikamilike. Magari yale ninayatengeneza bado, wajukuu wananiletea maboksi kutoka Mwanza, nayapaka rangi barazani, na kila moja lina chembe za vumbi la Geita, ninakoishi sasa, kwenye bodi yake. Naziacha hapo.

Basi mwanangu, shika haya. Kupenda kazi ya mikono ni neema, usiiache. Lakini kila unapoinama juu ya kitu kidogo, inuka mara kwa mara utazame nani mwingine yuko chumbani na anavuta hewa gani. Fungua dirisha, rangi iharibike. Kinachochomwa machimboni usikilete nyumbani, wala usikichome huko machimboni bila kujikinga, kwa kuwa hewa yake haina rangi na haina harufu, na siku utakapoiona ni siku utakapoiona kwenye mbavu za mtoto. Na ukikosea, kwa maana utakosea, usichague maneno mbele ya anayeweza kukusaidia. Mwambie yote, upesi, hata kama uso wako unaungua. Aibu itakuuma na kupita. Pumzi ikikatika hairudi.

Mungu akupe mikono mitulivu mpaka uzee wako. Akupe nyumba yenye madirisha mengi. Akuwekee karibu mtu mmoja asiyeogopa kukuambia ukweli mbele za watu, na akupe wewe moyo wa kumsikia. Nenda, mwanangu, na wote unaowapenda walale wakipumua vizuri.