Ng'ombe Aliyezoea Gitaa

Wiki iliyopita nilirudi Kapseret kuondoa vitu kwenye stoo ya maziwa ya nyanya yangu kabla haijabomolewa. Sikutarajia kupata kitu cha maana humo. Lakini nyuma ya gunia la chumvi ya ng'ombe nilikuta mkebe wa maziwa wa alumini, umebonyea pande zote, nikakaa chini kwenye simiti na kazi ikanishinda. Mkebe huo ulikuwa ngoma yangu.

Cheka tu, rafiki yangu, nami nilikuwa nikicheka siku hizo. Nililelewa na nyanya, kogo kama tunavyosema kwetu, na utoto wangu wote ulinuka maziwa, majani mabichi ya nepia na moshi. Asubuhi nilikata nepia, jioni niliosha mikebe kwa maji moto mpaka vidole vikakunjamana. Halafu tulikula ugali kwa mursik, maziwa yetu yaliyogandishwa kwenye kibuyu, kogo akilalamika kwamba ndege zinazotua uwanja wa ndege wa jirani zinawatisha kuku wake.

Jirani yetu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyehamia kutoka upande wa ziwa. Binti yake na mimi tulianza darasa la kwanza siku moja, tukakaa dawati moja, na hatukuachana. Yeye alipiga gitaa kanisani. Siku za wiki aliruhusiwa kulibeba nyumbani pamoja na spika yake ndogo, akafanye mazoezi ya nyimbo za ibada. Alifanya mazoezi, sitamsingizia, ila baada ya wimbo mmoja wa ibada tulikuwa tukivuta waya kutoka jikoni kwa kogo hadi stoo na kupiga roki mpaka mabati yakatetemeka. Mimi na vijiti vyangu nilikuwa kwenye mikebe.

Zizi lilipakana na ukuta wa stoo. "Mtafanya huyu ng'ombe afiche maziwa," kogo alisema, na kweli siku ya kwanza yule ng'ombe mweusi hakutoa hata kikombe. Baada ya wiki chache akazoea. Kisha akazoea kupita kiasi, akawa hatoi maziwa mpaka asikie gitaa. Ikafika mahali kogo anasimama uani na ndoo yake na kuita, "Kujeni mpige hiyo kitu yenu, nataka kukama!"

Tulipenda kompyuta vilevile. Shuleni zilikuwepo chache zilizofanya kazi, na kwenye moja tulitunga programu ndogo ya kupiga mdundo. Ilikwama kila dakika, lakini tuliiona kuwa muujiza. Kwa hiyo tulipomaliza kidato cha nne na wakati wa kuchagua vyuo ukafika, binti wa mwalimu alitafuta kwenye simu mpaka akapata chuo kimoja Nairobi kinachofundisha sayansi ya kompyuta, na chenye ukumbi ambamo wanafunzi hupiga roki kila Ijumaa. Kulikuwa na ngoma za kweli. Alinionyesha picha ya ukumbi huo hadi nikaikariri.

Baba yake hakufurahi. "Mshika mbili, moja humponyoka," alituambia. "Chagueni."

"Daddy, hiyo chuo iko na zote mbili," binti akamjibu.

Tuliahidiana kukiweka cha kwanza, sote wawili. Yeye alienda saiba mjini, kwenye duka la intaneti, akajaza fomu siku ileile. Mimi nilienda kesho yake, peke yangu. Orodha ilipofunguka nilikiona chuo chetu, nikaweka kidole, nikakiondoa. Niliwaza Nairobi, jukwaa, watu wakinitazama nikipiga ngoma ambazo sijawahi kuzigusa. Nikashuka chini ya orodha na kuchagua chuo cha hapa Eldoret, kompyuta pekee.

"Uliweka?" aliniuliza jioni.

"Niliweka," nikasema.

Majina yalipotoka alikuja mbio hadi kwenye ua, simu mkononi. "Jina lako haliko. Si ulisema uliweka?" Nilimwambia sikuweza kumwacha kogo. Aligeuka akaenda kwao. Wiki chache baadaye alisafiri bila kuniaga, na gitaa likarudi kanisani.

Jioni hiyo ng'ombe mweusi alificha maziwa. "Piga hata hiyo mkebe," kogo akaniambia. Nikapiga. Ng'ombe hakugeuza hata sikio.

"Huyu analilia gitaa," kogo akasema. "Na wewe, kwa nini hukuenda na mwenzako?"

"Nilibaki juu yako, kogo."

Mikono yake ikasimama. "Juu yangu? Mimi niko na ng'ombe tangu mama yako hajazaliwa. Nani alikuambia ati nataka mtu wa kuosha mikebe? Usinibebeshe woga wako."

Hakulitaja tena jambo hilo mpaka alipofariki.

Binti wa mwalimu nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi baadaye, kwenye mazishi ya baba yake. Anafanya kazi ya kompyuta, kama mimi. Nilimuuliza kuhusu gitaa. Akaniambia kwamba alifika chuoni akiwa ameshaandikisha bendi yetu, sisi wawili, kabla majina ya vyuo hayajatoka. Ijumaa ya kwanza bendi ikaitwa, akapanda jukwaani, wakamuuliza mwenye ngoma yuko wapi. Alipiga wimbo mmoja kando ya kiti kitupu cha mpiga ngoma, akashuka, na hakupanda tena. Alinieleza bila hasira yoyote. Laiti angenitukana.

Sasa zizi halipo, ua umeng'olewa, na pale kwa mwalimu wamejenga nyumba za kupangisha. Nilipokuwa bado nimekaa pale sakafuni, mnunuzi wa vyuma chakavu alichungulia mlangoni.

"Mama, hii unauza?" Akauinua mkebe, akaugeuzageuza kwenye mwanga. "Na hii ilibonyezwa na nini hivi?"

"Ni ng'ombe aliupiga teke," nikamwambia.

Kogo alishakufa, ng'ombe mweusi alishakufa, na mimi bado natafuta wa kumsingizia.